Mwaka wa Kwanza Chuoni Uanzie Sokoni

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa shahada ya biashara hana cha kumfundisha mama lishe kuhusu kuuza chakula. Naandika hivyo nikiwa mwenyewe ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, katika chuo kimoja cha Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya mwaka huu nimeitumia kujitolea miongoni mwa mama lishe na wauza mboga wa Mabibo. Mimi na wanafunzi wenzangu tulikwenda huko kwa lengo la kutoa elimu ya ujasiriamali. Niliyoyakuta yamenifanya niamini jambo moja, na ndilo ninalolitetea hapa: kujitolea kwetu kunazaa matunda tunapomtafuta mfanyabiashara mzoefu wa mtaa uleule, akawa mlezi wa mwenzake anayeanza, nasi tukakaa pamoja nao mwaka mzima tukiandika, tukihesabu na kujifunza.

Anayeifahamu Mabibo anajua kwamba hapo ndipo ndizi nyingi za jiji zinapofikia. Malori yanatoka Kilimanjaro, Mbeya na mikoa mingine, na eneo lenyewe watu wamelizoea kwa jina la Mahakama ya Ndizi. Palipo na malori pana vibarua wa kushusha mzigo, madalali, madereva na bodaboda, na palipo na hao wote pana njaa ya asubuhi na njaa ya mchana. Mama lishe wanaishi kwa njaa hiyo. Mama anaamka alfajiri, anawasha mkaa, anachagua mchele, anachemsha maharage, na jua likichomoza tayari ana watu kwenye benchi. Mtu wa namna hiyo ukimwita ukumbini umsomeshe maana ya mteja, umempotezea siku ya mauzo.

Kilichotufungulia mlango ni daftari. Mama mmoja kijana, ambaye hakuwa na muda mrefu kwenye biashara, alikubali niandike kila kinachotoka na kila kinachoingia. Nitoe mfano wa siku ya kawaida, kwa tarakimu nilizozisawazisha ili hesabu ifuatike. Sahani 40 za shilingi 2,000 ni shilingi 80,000. Mchele, unga, maharage, nyama, mafuta, nyanya na mboga vimechukua 58,000. Mkaa 6,000. Maji 1,500. Binti anayeosha vyombo na kuhudumia wateja 7,000. Jumla ya matumizi ni 72,500, kwa hiyo kwenye karatasi pana faida ya 7,500. Lakini sahani nne kati ya zile 40 zimeliwa kwa mkopo, na mkononi mna shilingi 72,000 tu. Siku nzima ya moshi imeisha kwa upungufu wa shilingi 500. Mwenye biashara alikuwa akihisi mambo yanakwenda vizuri kwa sababu kila jioni alishika noti nyingi, na asubuhi iliyofuata alishindwa kuelewa kwa nini fedha ya kwenda sokoni haitoshi.

Jibu la vitabuni ni kwamba aache kukopesha. Tulilipeleka daftari kwa mama mwingine, mtu mzima, ambaye amepika eneo hilo tangu sisi hatujaanza shule. Tulimwamkia, akatukaribisha tukae, akalipitia daftari taratibu na kuuliza habari za kila aliyekopa, mmoja mmoja.

"Huyu wa bodaboda usimnyime," alimwambia mwenzake. "Huyo ndiye anayekuletea abiria waje kula. Mpe, ila alipe Jumamosi. Asipolipa, Jumatatu atangulize hela ndiyo apakuliwe. Lakini huyu wa kushusha mzigo analipwa kila jioni, anakukopa kwa lipi?" Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe mwanangu, madeni yaandikie ukurasa wake. Ukiyachanganya na mauzo unamdanganya mwenzio."

Hakuishia hapo. Alishauri mkaa ununuliwe kwa gunia, wachange majirani watatu wagawane, kuliko kila mmoja kununua kwa kopo kila asubuhi. Akataja duka la jumla anakochukulia mchele, na akamwambia yule mdogo akifika ajitambulishe kwamba ametumwa naye. Maneno hayo ya mwisho yalikuwa na uzito kuliko semina nzima. Mwenye duka anamfahamu, anamwamini, na kwa imani hiyo mgeni atauziwa kwa bei ya mwenyeji. Mtaji wa aina hiyo hakuna chuo kinachoweza kuutoa. Unajengwa kwa miaka ya kulipa kwa wakati na kusalimiana kila siku.

Nasi tulikuwa na letu la kutoa. Mzoefu yule alijua nani analipa na nani halipi, lakini hakuwa na muda wa kujumlisha hesabu za mwenzake za wiki nzima. Hesabu hizo tulizifanya sisi. Tuliwasaidia wengine kufungua Lipa Namba ili malipo ya simu yasiingie kwenye namba binafsi na kupotelea kwenye matumizi ya nyumbani. Tulisoma kwa sauti mikataba ya mikopo iliyoandikwa kwa herufi ndogo na lugha ngumu. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na pale nilielewa kwamba mgeni naye hupona. Somo la uhasibu lilipofika kwenye wadaiwa na mtaji wa mzunguko, mimi nilikuwa nimekwisha kuwaona wadaiwa kwa sura, na najua mtaji wa mzunguko unapokauka mama huyo hupika nusu sufuria kesho yake.

Haya hayakutokea Mabibo peke yake. Huko Dandora, Nairobi, wachumi watatu, Wyatt Brooks, Kevin Donovan na Terence Johnson, waliwafuatilia wanawake wenye biashara changa. Kundi moja lilipewa masomo ya biashara darasani. Katika kundi jingine, kila mwanamke aliunganishwa na mwanamke mwenzake wa eneo hilohilo aliyekwisha kudumu kwenye biashara, wakawa wanakutana na kuzungumza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Waliosoma darasani faida yao haikuongezeka. Waliopewa walezi, faida yao ilipanda kwa wastani wa asilimia 20. Sababu kubwa ilikuwa kujua wapi pa kununulia bidhaa kwa bei nafuu, yaani habari za mtaani ambazo mwalimu wa kutoka nje hana. Utafiti huo ulionyesha na jambo la pili, ambalo wapangaji wa miradi wanapaswa kulisoma mara mbili: jozi zilipoacha kukutana, faida nayo ilififia.

Nimelipima jambo hilo la pili kwa namna tunavyojitolea sisi wanafunzi. Mara nyingi tunafika kwa basi siku moja, tumevaa fulana za rangi moja, tunafagia soko, tunagawa sabuni, tunapiga picha na bango, tunaondoka. Au tunaandaa mafunzo ya siku mbili, vyeti vinatolewa, na wiki inayofuata hakuna anayejua mama yule alikwama wapi. Usafi wa soko ni jambo jema, na sabuni haikataliwi. Lakini biashara ndogo haibadiliki kwa siku mbili. Mkopo wa mteja hulipwa Jumamosi, kodi ya fremu huja mwisho wa mwezi, ada ya shule huja Januari, na bei ya mchele hupanda na kushuka kwa msimu. Asiyekuwepo katika nyakati hizo zote hajaiona biashara.

Iko pia hoja ya kiasi cha kufundisha. Katika Jamhuri ya Dominika, watafiti Alejandro Drexler, Greg Fischer na Antoinette Schoar walilinganisha mafunzo kamili ya uhasibu na kanuni chache rahisi, kama vile kutenganisha fedha ya biashara na ya nyumbani kwa kuziweka sehemu mbili tofauti. Ripoti yao ya mwaka 2014 ilieleza kwamba kanuni rahisi ndizo zilizoboresha utunzaji wa hesabu, na uhasibu kamili haukuleta tofauti ya maana. Mabibo tulifanya hivyo kwa mikoba miwili, mmoja wa biashara na mmoja wa nyumbani, na kwa mama aliyejilipa kiasi maalumu kila jioni kabla ya kugusa kitu kingine. Mwanafunzi mwenye vitabu vizito anahitaji unyenyekevu wa kuchagua kanuni mbili na kuachana na sura kumi.

Linaloumiza zaidi wafanyabiashara hawa ni mikopo ambayo wenyewe wameipa jina la kausha damu. Chukulia mfano wa anayekopa shilingi 200,000 na kutakiwa kurejesha 10,000 kila siku kwa siku 26. Atalipa 260,000. Riba ni 60,000, sawa na asilimia 30 kwa muda usiofika mwezi. Kikomo cha Benki Kuu kwa watoa huduma ndogo za fedha ni asilimia 3.5 kwa mwezi, ambayo kwa mkopo huo ingekuwa shilingi 7,000. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, na Novemba 2024 Benki Kuu ilipiga marufuku programu 69 za kukopesha mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila idhini. Kwa hiyo sheria ipo na msimamizi yupo. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa na mama huyo jioni, kabla hajatia dole gumba, akamfanyia hesabu ya siku 26 na kumwonyesha jumla yake. Hesabu hiyo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaiweza kikamilifu.

Upande wa pili ipo mikopo isiyo na riba. Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, na ikarejea mwaka 2024. Kwa kawaida anayeitaka hutakiwa awe kwenye kikundi kilichosajiliwa, chenye katiba, akaunti ya benki na andiko la mradi. Hapo ndipo wengi wanapoishia. Wanajua kupika na kuuza, wanaaminiana kiasi cha kucheza upatu kwa miaka bila mtu kukimbia na fedha, lakini andiko la mradi linawashinda, na baadhi huishia kumlipa mtu awaandikie kitu wasichokielewa. Ikifika siku ya kuhojiwa na afisa maendeleo ya jamii, mwenyekiti wa kikundi hawezi kueleza mradi wake mwenyewe. Mwanafunzi anaweza kukaa nao jioni kadhaa, wao wakisema na yeye akiandika, kisha akawasomea mpaka kila mwanakikundi aweze kuurudia mradi kwa maneno yake. Kazi hiyo ina thamani ya fedha kamili mfukoni mwa watu, na haihitaji fulana wala bango.

Kuhusu deni la msomi kwa jamii, nchi hii imebishana tangu mapema. Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) liliundwa mwaka 1963. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu na vyuo vingine vya jijini waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya utumishi wa lazima katika jeshi hilo, yakiwemo ya kukatwa sehemu kubwa ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao, na siku hiyohiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likataka wanaomaliza kidato cha sita wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria yalisitishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013, na wengi wa kizazi changu tumepita huko kabla ya kuingia chuoni. Nayathamini mafunzo hayo. Yalitufundisha kuamka mapema, kulima na kuishi na watu tusiowajua. Lakini utumishi wenyewe hukatika siku ya kufunga mafunzo, na mwanafunzi anapoingia chuoni anakuta hakuna mahali palipoandaliwa pa kuuendeleza.

Vyuo vyetu vikuu vyote hutaja kazi tatu: kufundisha, kutafiti na kuihudumia jamii. Ya tatu ndiyo hubaki kwa hiari ya mtu mmoja mmoja. Yapo mataifa ambako jirani wa chuo alibadilisha elimu yenyewe. Mwaka 1976 Muhammad Yunus, mwalimu wa uchumi wa Chuo Kikuu cha Chittagong nchini Bangladesh, aliingia na wanafunzi wake katika kijiji cha Jobra kilichopakana na chuo, wakaorodhesha watu 42 waliokuwa wamefungwa na madeni ya wafanyabiashara wa kati. Deni lao wote halikuzidi dola 27 za Marekani. Alilitoa mfukoni mwake, na kutokana na orodha ile ilizaliwa Benki ya Grameen, na mwaka 2006 yeye na benki hiyo walipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Mikopo midogo imekosolewa baadaye, tena kwa haki mahali ilipogeuzwa kausha damu. Ninachokichukua kwake ni ile orodha. Wanafunzi waliandika majina na kiasi cha deni la watu waliokuwa jirani zao kila siku, na chuo kikajua kitu ambacho vitabu vyake havikuwa nacho.

Kwa nini nasisitiza mwaka wa kwanza? Kwa kawaida tunaambiwa tusubiri, tuive kwanza, twende field, yaani mafunzo kwa vitendo, baadaye. Field yenyewe ni ya wiki chache, na wengi huipata ofisini, ambako mwanafunzi hupanga mafaili na kutumwa kutoa nakala. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu akianza urafiki na mama lishe mwezi wa tatu, mwezi wa saba ameshaondoka. Wa mwaka wa kwanza ana miaka mitatu au zaidi ya kupita njia ileile. Kama somo la Dandora ni kwamba faida hufifia ulezi unapokatika, basi mwenye muda mrefu zaidi wa kubaki ndiye anayefaa kuanza. Tena mwaka wa kwanza mtu bado anasikiliza. Hajapata cheo kwenye chama cha wanafunzi, hajazoea kuitwa msomi, na akiambiwa "mwanangu, kaa hapa uangalie" anakaa.

Wako watakaosema tutawageuza wanafunzi vibarua wa bure, au tutawasumbua watu maskini ambao wana kazi za kufanya. Hofu zote mbili ni za kweli na zinahitaji masharti yaliyo wazi. Mwanafunzi asihudumie wateja wala kuosha vyombo badala ya msaidizi anayelipwa. Afike saa ambazo biashara imepoa. Daftari liwe mali ya mwenye biashara, na majina ya wanaodaiwa yasitoke nje yake, yasiwekwe kwenye ripoti ya darasani wala kwenye kundi la WhatsApp. Mwanafunzi asikopeshe wala kukopa. Anayeishi kwa boom, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo wa elimu ya juu, ya shilingi 10,000 kwa siku akianza kuwakopesha watu, urafiki utakufa na masomo yatayumba. Na yule mzoefu anayelea wenzake alipwe posho na chuo. Chuo kinamlipa mwalimu wa kutoka nje anayekuja kutoa mhadhara wa saa mbili. Mama aliyemwepusha mwenzake kufilisika naye amefundisha.

Wako pia watakaosema kwamba kazi ya mwanafunzi ni kusoma. Nakubaliana nao, na ndiyo maana nataka shughuli hii iwe sehemu ya masomo. Kwa sasa anayejitolea hufanya hivyo kwa kuiba saa za maktaba, na wakati wa mitihani huacha, na anayeumia ni mfanyabiashara aliyeanza kumtegemea. Ikiwa ni somo lenye alama, lenye mhadhiri anayelisimamia na ratiba inayojali mitihani, mwanafunzi hatatoweka. Wenye nafasi ya kufanya hivyo sasa ni vyuo vyenyewe na Tume ya Vyuo Vikuu. Mradi wa HEET, ulioanza mwaka 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, umeifanya mitaala mingi ya vyuo vya umma ipitiwe upya ili iendane na uchumi. Mtaala wa biashara usiomkutanisha mwanafunzi na biashara zilizo nje ya geti lake utakuwa umekosa sehemu kubwa ya uchumi huo.

Ninachopendekeza hakihitaji jengo wala magari. Kila chuo chenye shahada ya biashara kichague soko moja au mitaa miwili iliyo jirani nacho. Kikubaliane na uongozi wa soko na serikali ya mtaa. Kiwatafute wafanyabiashara wazoefu wanaoheshimika na wenzao, wawe walezi. Kila mlezi apewe wafanyabiashara wachanga wachache, na kila mchanga apate mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza wa kutunza naye daftari. Mwanafunzi huyo akiingia mwaka wa pili, amtambulishe mdogo wake wa mwaka wa kwanza kwa mfanyabiashara mwingine, naye aendelee kupita kwa yule wa awali mara moja kwa mwezi mpaka atakapohitimu. Kila mwisho wa mwaka chuo kirudi sokoni na kuwauliza wenye biashara, mbele ya wanafunzi wao, kilichowafaa na kisichowafaa, na majibu yao yawe na nafasi katika alama.

Vijana wa mwaka wa kwanza wataingia vyuoni tena mwaka huu, na wataambiwa wajiajiri na wasitegemee ajira za serikali. Ushauri huo unatolewa na watu ambao wengi wao ni waajiriwa, kwa vijana ambao hawajawahi kuona hesabu ya siku moja ya biashara ikifungwa. Kama tunaamini ushauri huo, tuwapeleke kwa watu wanaojiajiri kila siku bila kushauriwa na mtu, tuwalipe watu hao kwa ualimu wao, na tuwape wanafunzi muda wa kutosha kuwa na faida kwao. Wakuu wa vyuo hawahitaji kusubiri waraka wowote kuanza. Soko lililo jirani na chuo linafunguliwa kesho alfajiri.